Njia ya Watalii Haikupita Bariadi

Mwezi Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inavunjika, shirika la ndege la pamoja lilikuwa limekwisha kusimama, na kila upande ukashika mali ya mwenzake. Magari ya watalii kutoka Nairobi yaliyokutwa huku yalizuiliwa, na ndege ndogo ndogo vilevile.

Kabla ya hapo mtalii alitua Nairobi, akalala huko, akalipa huko, kisha akavuka kwa gari kuja kutazama nyumbu wa Serengeti siku mbili tatu. Sisi tulibaki na vumbi. Hasira ya Dar es Salaam ilikuwa na sababu, ingawa hoteli zetu za mbugani ndizo zilizokosa wageni hadi mpaka ulipofunguliwa mwaka 1983.

Lakini mtu wa Bariadi angeuliza: njia hiyo, ifungwe au ifunguliwe, ilimpa nini yeye? Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, Pori la Akiba la Maswa likafuata mwaka 1962, na Msukuma wa huku akapoteza malisho na mawindo. Watalii waliingilia Naabi, upande wa Ngorongoro. Kwetu walifika tembo, tena bila kiingilio, mahindini na kwenye pamba.

Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012, unapakana na mbuga hiyo hiyo. Mahindi yakikaribia kukomaa, mzee bado anakesha shambani na debe lake na tochi.