Waliofyatua Matofali

Anayezuru kanisa la misheni la enzi ya Wabelgiji katika nchi ya Wanande, mashariki mwa Kongo, huko Beni au Butembo, mara nyingi huelezwa habari za wageni: mapadri wa shirika la Assomption waliofika mwaka 1929, kisha Henri Piérard aliyekabidhiwa vikarieti ya Beni mwaka 1938. Ni kweli, ila ni nusu ya historia. Mapadri walikuwa wachache. Wenyeji ndio waliokanyaga udongo, wakafyatua matofali, wakachochea tanuri na kubeba mizigo, na makatekista wao wakafundisha milimani.

Atakayepinga atasema kazi hiyo ilifanywa chini ya ukoloni, hivyo si yao. Hoja ina uzito: misheni, serikali na makampuni ya madini vilisaidiana. Lakini shuruti haimfuti mjenzi. Humwongezea haki ya kutajwa. Tena yaliyofuata yanashuhudia: Emmanuel Kataliko, Mnande, akawa askofu mwaka 1966, mwaka 1967 jimbo lake likaitwa Butembo-Beni, mwaka 1989 Butembo ikapata Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben. Urithi ambao wenyeji wameuendeleza hivyo haufai kusimuliwa kwa majina ya wageni peke yao.