IP25: Matope ya Baharini Yanavyomwaga Mtama Kuhusu Barafu ya Aktiki

Ukiambiwa barafu ya Aktiki inaisha, swali la msee mjanja ni moja: kitambo nani alikuwa anaipima? Rekodi ya setilaiti isiyokatika inaanza 1979 tu. Septemba 2012 barafu hiyo ilishuka hadi karibu kilomita mraba milioni 3.4, kiwango cha chini kabisa tangu setilaiti zianze kazi. Lakini miaka arobaini na kitu ni kidogo sana. Kujua kama hii ni noma mpya ama ni mambo ya kawaida, lazima uite shahidi mwenye umri mkubwa. Huyo ni matope ya chini ya bahari.

Matope yanajuaje?

Cheki hii. Barafu ya baharini ina wakaaji. Upande wake wa chini, kwenye vijishimo vya maji ya chumvi, kunaishi diatomu, viumbe vya seli moja ambavyo huwezi kuviona kwa macho. Jua likirudi baada ya msimu wa giza, vinanawiri, na aina chache kati yao hutengeneza mafuta fulani yenye kaboni 25. Barafu ikiyeyuka, diatomu zinazama hadi sakafuni na kufunikwa na matope mapya. Tabaka juu ya tabaka, miaka nenda miaka rudi. Mafuta yanabaki humo.

Mwaka wa 2007, timu ya Simon Belt wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, iliyatambulisha mafuta hayo kama alama ya barafu na kuyapa jina IP25, yaani mwakilishi wa barafu mwenye kaboni 25. Kule Antaktika kuna ndugu yake, IPSO25.

Wanayasoma aje?

Meli inashusha bomba refu, linadunga sakafu na kurudi juu limejaa matope. Ya juu ni ya majuzi, ya chini ni ya kitambo. Umri unapimwa kwa kaboni-14 kwenye makombe madogo yaliyomo, na njia hiyo inafika kama miaka 50,000 nyuma. Kisha matope yanakatwa vipande, yanakaushwa, mafuta yanatolewa kwa kemikali na kupitishwa kwenye mashine inayotenganisha molekuli na kuzitambua kwa uzito.

Hapa kuna mtego. Ukikosa IP25, usikimbie kusema hakukuwa na barafu. Pengine ilikuwa nene hadi mwanga haukupenya, diatomu zikakosa maisha. Ndiyo maana wanalinganisha na mafuta ya viumbe vya maji wazi:

- IP25 iko, ya maji wazi pia yako: barafu ilikuja na kwenda kwa msimu.
- IP25 haiko, ya maji wazi ni mengi: hakukuwa na barafu.
- Zote hakuna: barafu nene, mwaka mzima.

Na joto je?

Kuna kipimo kinaitwa TEX86, cha tangu 2002. Kinatumia mafuta ya ngozi ya arkea, vijidudu vya baharini vinavyobadilisha muundo wa mafuta yao kulingana na joto la maji. Mwaka wa 2004, meli zilichimba ukingo wa Lomonosov, karibu na Ncha ya Kaskazini. Matope ya miaka kama milioni 55 yalionyesha maji ya juu yaliyopita nyuzi 23. Hiyo ni joto la mchana wa kawaida Nairobi, buda, na ni Aktiki!

Sasa inakuhusu nini?

Utaskia mtu akisema, "Barafu ilishawahi kupungua kitambo, tulieni." Yuko sawa nusu. Matope yanaonyesha kwamba miaka kama 10,000 iliyopita, sehemu kadhaa za Aktiki zilikuwa na barafu kidogo. Sababu inajulikana: mzunguko wa dunia uliipa kaskazini jua kali zaidi la kiangazi. Jua hilo likapungua polepole, na IP25 ikaongezeka kwenye tabaka za juu, kumaanisha barafu ilikuwa inarudi.

Leo jua la kiangazi la kaskazini bado liko chini kuliko wakati huo, lakini barafu inapungua. Kwa hivyo ukikutana na huyo msee, muulize swali moja tu: kama si jua, ni nini? Jibu ni gesi za ukaa tunazotoa sisi wenyewe.