Asili ya Wakusanyaji wa Michango

Jimbo letu la Singida liliundwa tarehe 25 Machi 1972, na askofu wake wa kwanza alikuwa Bernard Mabula. Basi mwaka wa 2022, lilipotimiza miaka 50, habari za mapadre, masista na makatekista zilisimuliwa sana, nazo zastahili. Lakini yuko mtu asiyetajwa, ndiye yule azungukaye nyumba kwa nyumba na daftari kwapani akikusanya michango. Kazi yake ina asili, nasi twapenda kuieleza, maana mwaka huo huo chama kilichoipa kazi hiyo mpango kilitimiza miaka 200.

Katika mji wa Lyon, nchi ya Ufaransa, alizaliwa mwaka wa 1799 binti aitwaye Pauline Jaricot. Alipokwisha kusikia jinsi misioni za mbali zilivyopungukiwa, alianza na wanawake wafanyao kazi ya hariri, akaomba kwa kila mmoja sala, na kila juma sou moja, nayo ni sarafu ndogo mno. Kisha akapanga hivi: mtu mmoja apokee sou za wenzake kumi, viongozi wa makumi wampelekee mkuu wa mia, na wakuu wa mia wampelekee mkuu wa elfu. Kwa hiyo kila mmoja alichangisha watu anaowajua. Tarehe 3 Mei 1822 Chama cha Kueneza Imani kikaundwa juu ya mpango huo. Nao waliotoa waliletewa barua za wamisionari zilizopigwa chapa, wakapokezana kuzisoma, wapate kujua sou zao zimefanya nini.

Ndugu walimu, jambo hili la barua ndilo lililotushinda sisi. Tuliwahi kukusanya mtama na kuku kwa ajili ya bati za kanisa la kigango. Mtama tuliuuza mara baada ya mavuno, bei ikiwa chini kabisa, maana ghala hatukuwa nalo. Na kuku kadha wa kadha walikufa kwa mdondo kabla ya siku ya mnada. Fedha hazikutosha nusu ya paa. Hayo yangesameheka. Lakini tuliona haya, tukanyamaza, hesabu haikusomwa. Mwaka wa pili tulipopita na daftari, bibi mmoja akatuuliza kwa upole, “Mwalimu, kuku wangu alifika wapi?” Hatukuwa na jibu. Ikapita misimu mitatu, hesabu ikisomwa kila mwezi mbele ya watu wote, ndipo bati zikapanda.

Pauline naye aliumizwa na fedha. Mwaka wa 1845 alinunua kiwanda cha chuma huko Rustrel, akitaka wafanyakazi wapate kazi na makao mema. Aliowaamini wakamdhulumu, kiwanda kikaanguka, na madeni ya watu wadogo waliomkopesha akiba zao yakamwelemea. Akaanza tena kuomba, safari hii ili awalipe. Alifariki tarehe 9 Januari 1862, naye akihesabiwa miongoni mwa maskini wa mji. Tarehe 22 Mei 2022 alitangazwa Mwenye Heri, huko huko Lyon.

Chama chake kilihamishiwa Roma mwaka wa 1922. Sadaka ya Jumapili ya Misioni, mwezi wa Oktoba, huingia katika mfuko wake, na ya kigango chetu pia. Yule bibi hutoa bado, wala haendi nyumbani kabla hajasikia jumla ikitangazwa.