Jino la Utoto Lisilotaka Kutoka

Mwezi wa Juni uliopita mama mmoja, muuza ndizi katika soko la Tunduma, alitujia shuleni akimshika mkono mwanawe wa miaka saba. "Mwalimu," akasema, "hebu mtazame huyu kinywani." Tukamtazama, na katika ufizi wa chini tukaona safu mbili za meno. Mbele yalisimama meno mawili madogo ya utoto, meupe, imara kama vigingi. Na nyuma yake, upande wa ulimi, meno mawili mapana yalikuwa yamekwisha kuchomoza. Majirani walikuwa wamekwisha kumpa yule mama mashauri ya kila namna. Mmoja alimwambia afunge uzi kwenye jino na ncha ya pili kwenye mlango, kisha aupige mlango kwa nguvu. Mwingine alijitolea koleo la fundi wa baiskeli. Wa tatu alinong'ona kwamba mtoto mwenye safu mbili hana heri, apelekwe kwa mtu ajuaye mambo hayo.

Sisi tulimwambia angoje. Akatucheka, akasema, "Ninyi walimu mwajua sana kungoja, kwa kuwa si mtoto wenu."

Neno lile lilituchoma, kwa maana hatukuwa na haki ya kujivuna. Miaka minane iliyopita, tulipokuwa wageni katika kazi, mwanafunzi mmoja alikuja kwetu na jino kama hilo, nasi kwa kutaka kuonekana hodari mbele ya darasa tulifunga uzi, tukavuta. Jino halikuwa limelegea. Lilivunjika juu ya ufizi, mzizi ukabaki ndani, na siku ya tatu shavu la mtoto lilivimba hata jicho likafumba. Baba yake alimpakia kwenye pikipiki akampeleka hospitali, wakamdunga sindano ya ganzi na kuutoa mzizi. Yule mtoto hakutuchukia, lakini hakucheka tena mbele yetu mpaka muhula ukaisha. Basi tangu siku zile tumekuwa tukitafuta habari za meno ya watoto, na jinsi watu wa zamani walivyoyatendea. Tuliyoyapata twayaandika hapa.

Jambo hili si geni hata kidogo. Katika karne ya kwanza, Mrumi mmoja jina lake Celsus aliandika vitabu vya uganga, na katika kitabu cha saba ametaja kisa kilekile cha mtoto wa muuza ndizi. Alisema kwamba jino la pili likiota kabla la kwanza halijaanguka, lile lililopasa kuanguka lisafishwe pande zote na kung'olewa, kisha lile jipya lisukumwe kwa kidole kila siku mpaka lifike mahali pake na kutimia ukubwa wake. Vitabu vyake vilisahauliwa muda mrefu, vikaonekana tena, vikapigwa chapa mjini Florence mwaka 1478, na waganga wa Ulaya wakavisoma kwa bidii. Basi mtu akisema kwamba safu mbili ni ajabu ya siku hizi, au ni mkosi wa ukoo fulani, na ajue kwamba watoto wa Rumi walikuwa nazo pia.

Celsus aliona sawa jambo lenyewe, lakini hakujua sababu. Watu wengi wamedhani kwamba jino jipya hulisukuma lile la kale kutoka chini, kama mtu asukumavyo mwenzake katika mlango mwembamba. Mwaka 1771 tabibu John Hunter wa London alitoa kitabu juu ya meno ya wanadamu, akaonyesha kwamba sivyo: mzizi wa jino la utoto huyeyuka wenyewe kwa kazi ya mwili. Siku hizi twajua zaidi. Jino jipya linapokaribia, chembe ndogo za mwili huanza kuula mzizi wa jino la utoto kidogo kidogo, mpaka haubaki mzizi, bali kofia tu iliyoshikwa na nyama ya ufizi. Ndiyo maana jino lililoanguka lenyewe huonekana kama ganda tupu, na watoto hudhani mzizi umebaki ndani. Lakini meno ya mbele ya chini huota nyuma ya yale ya utoto, na pengine hupita mbali nayo kidogo. Hapo mzizi wa kale huliwa upande mmoja tu, au hukawia kuliwa, na jino la utoto husimama imara huku mrithi wake amekwisha kufika. Si ukaidi, wala si mkosi. Ni njia tu iliyopotoka kwa upana wa punje ya mtama.

Na kile kidole cha Celsus? Mungu amekwisha kumpa kila mtoto kidole cha namna hiyo, nacho ni ulimi. Jino la utoto likiondoka, ulimi hulisukuma lile jipya mbele mchana na usiku, na kwa kawaida katika miezi michache linaingia katika safu bila msaada wa mtu. Ila meno ya juu hayana ulimi wa kuyasukuma kwa namna hiyo, kwa hiyo safu mbili za juu zafaa kuonyeshwa kwa mganga wa meno mapema zaidi.

Hapa twataka kutaja jino moja ambalo wazazi wengi hawalijui. Mtoto ana meno 20 ya utoto, na mtu mzima ana 32. Kwa hiyo yako meno ambayo hayachukui nafasi ya jino lolote. La kwanza la namna hiyo ni gego linaloota nyuma kabisa mtoto akiwa na miaka sita hivi. Kwa kuwa hakuna lililoanguka, wazazi hulihesabu kuwa la utoto, na likioza husema, "Acha, litatoka, litaota jingine." Halioti jingine.

Sasa turudi kwa yule jirani wa tatu aliyenong'ona. Hofu ya meno ya mtoto ni ya zamani sana katika nchi zetu. Pwani, mtoto aliyeanza kuota meno ya juu kabla ya yale ya chini aliitwa kigego, na neno hilo limo katika kamusi hata leo. Alidhaniwa kuwa ataleta msiba katika nyumba, na zamani watoto wa namna hiyo waliuawa. Wala si pwani peke yake. David Livingstone, aliyefika ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika mwaka 1867, safari chache magharibi ya Tunduma yetu, aliandika juu ya desturi hiyo katika habari zake zilizopigwa chapa mwaka 1874, akasema imeenea sana. Aliandika pia kwamba kwa Wakololo mke mmoja wa mfalme Sekeletu alikataa mtoto wa mtumishi wake asiuawe kwa sababu hiyo. Twapenda kumkumbuka mwanamke huyo, ingawa jina lake hatukuletewa. Kwa maana si kazi ndogo kusimama peke yako mbele ya mji mzima kwa ajili ya meno mawili ya mtoto wa mtumishi.

Msomaji asidhani kwamba hofu hii ni ya Waafrika tu. Katika karne ya 17, orodha za vifo za mji wa London zilikuwa na sababu moja iliyoandikwa "Meno". Mtoto mchanga alipokufa kwa homa au kuhara wakati wa kuota meno, walisema meno yamemwua. Na Ambroise Paré, tabibu mkuu wa wafalme wa Ufaransa katika karne ya 16, alishauri kuupasua ufizi ili jino lipate njia. Watabibu wa Ulaya walipasua fizi za watoto wachanga kwa muda wa miaka mia tatu na zaidi kabla ya kuacha. Walikuwa watu wa elimu, nao walikosea, kwa sababu mambo mawili yalitokea pamoja nao wakadhani moja limelizaa la pili.

Kosa hilohilo limezaliwa upya kwetu, tena katika siku ambazo wazee wetu wanazikumbuka. Tunasema habari za "meno ya plastiki", ambayo wengine huyaita "meno ya nailoni". Mtoto wa miezi michache anahara na kutapika, ana homa, bibi au jirani anatazama ufizi, anaona uvimbe mweupe mahali pa chonge, anasema, "Hili ni jino la plastiki, lisipotolewa atakufa." Kisha hulichokoa kwa kisu, au msumari, au njiti ya baiskeli. Kule Uganda jambo hilo huitwa ebiino, na mwaka 1969 mwanachuoni Mdenmaki, Jens Pindborg, aliandika juu ya watoto wa huko waliochimbwa fizi. Hapa Tanzania habari zake zilivuma sana katika miaka ya 1980, na waganga wa meno wameandika juu yake mara nyingi.

Wako watu wanaotuambia kwamba hii ni dawa ya mababu. Sisi tunaofundisha watoto habari za kale twawajibu kwa jina lenyewe. Nailoni ilitengenezwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1935, na mkemia Wallace Carothers. Babu zetu waliopita hapa na mizigo kichwani katika njia ya Stevenson, ile njia ya kutoka Ziwa Nyasa kwenda Tanganyika ambayo kwa ajili yake Waingereza na Wajerumani walipinda mpaka wao mwaka 1890, hawakuwa na ndoo wala kamba wala kandambili za plastiki. Wangewezaje kuwa na ugonjwa wake? Twadhani jina hili lilisafiri kama bidhaa zinavyosafiri, kwa barabara na malori, na kwa reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, na mji wa mpakani kama wetu hupokea maneno upesi kama upokeavyo ndoo.

Ule uvimbe mweupe ni nini basi? Ni chonge la utoto, jino la haki kabisa, lililolala chini ya ufizi likingoja zamu yake, ambayo huja mtoto akiwa na mwaka mmoja na nusu hivi. Kila mtoto analo, mzima na mgonjwa. Anayechimbwa hupoteza damu, huingiwa na uchafu wa kisu, na kuhara kwake hakutibiwi, kwa kuwa watu wameridhika kwamba dawa imepatikana. Ilhali alihitaji maji ya chumvi na sukari, na kupelekwa zahanati. Wako waliokufa hivyo. Na aliyepona hajamaliza, kwa maana karibu na chonge la utoto hulala chembechembe za lile la ukubwani, laini kama ute, na kisu huzigusa. Miaka kumi baadaye jino la ukubwani huota limeharibika, au limepinda, au haliji kabisa. Hapo ndipo utamwona msichana wa miaka kumi na mitatu akicheka kwa kufunika mdomo kwa mkono.

Kwa hiyo kati ya haya yote, jino la yule mtoto wa sokoni lilikuwa jambo dogo kuliko yote. Hata mtu wa kulitazama hakosekani siku hizi. Mwaka 1979 elimu ya udaktari wa meno ilianza kufundishwa Muhimbili, na Mbeya pia matabibu wa meno wamefundishwa, na Mkoa wetu wa Songwe, uliotengwa na Mbeya mwaka 2016, una hospitali zake. Tulimweleza yule mama kama tulivyofundishwa na tabibu: mtoto alitikise jino mwenyewe kwa ulimi na kwa kidole kilichooshwa, ale vitu vigumu, asugue safu zote mbili kwa mswaki kwa maana uchafu hujificha katikati, na ikipita miezi miwili mitatu jino halijalegea, au akipata maumivu au uvimbe, asingoje tena, aende hospitali. Uzi, mlango na koleo viachwe.

Jino la kwanza lilitoka katika juma la tano, ndani ya hindi la kuchoma. La pili lilikataa kabisa. Mwezi wa Septemba mama alifunga kibanda chake siku moja akampeleka hospitali. Tabibu alilitia ganzi, akalitoa kabla mtoto hajamaliza kuuliza kama litauma. Alirudi nalo nyumbani amelifunga katika karatasi, akalitupa juu ya paa akimwomba panya jipya, kama tulivyofanya sisi zamani upande wa Mbozi. Lakini paa letu lilikuwa la nyasi, nalo lililimeza jino kimya. La kwao ni la bati. Jino lilibingirika likarudi uani, akalitupa tena, likarudi tena. Kesho yake akaja nalo shuleni mfukoni, akatuuliza kama panya amelikataa. Tulimwambia afungue kinywa. Yale meno mapya yamesogea mbele, moja bado limekaa upande kidogo kama nguzo ya ua wa mtu mvivu.