Kosa la mke, karatasi za mume: kutoka mahakama za Zanzibar hadi Marekani

Leo siandiki siasa wala soka. Nataka tuongee habari ya mwanamke anayepigwa na mumewe katika nchi isiyo yake, huku haki yake ya kuishi nchi hiyo ikiwa mfukoni mwa huyohuyo anayempiga, na juu ya yote hayo jina lake mwenyewe limeshaandikwa polisi. Afanyeje? Marekani wamelijibu swali hilo kwa vifungu na fomu nyingi. Ila mimi ni mtu wa historia, ndiyo shahada niliyoisotea pale Mlimani, na nilipoanza kuchimba nikakuta sisi wa pwani tulishaulizwa swali linalofanana nalo zamani sana.

Tuanzie hapo.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed wa Zanzibar alitoa amri ya kuiondoa hali ya utumwa isitambuliwe tena kisheria. Shuleni tulikariri tarehe, tukapata alama zetu, basi. Ukiisoma amri yenyewe unakuta haikumfungua mtu yeyote siku ile. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani akaombe. Aliyepewa uhuru alipaswa kuonyesha kwamba ana makazi ya kudumu na njia ya kupata riziki, la sivyo atangazwe mzururaji. Na mzururaji ni mkosaji. Yaani unatokea mlango huu ukiwa huru, mlango wa pili unakamatwa kwa kosa la kutokuwa na pa kwenda.

Masuria ndio waliowekewa kifungu chao peke yao. Kwa msomaji asiyelijua neno hili, suria alikuwa mtumwa mwanamke ambaye bwana wake amemweka ndani kama mke, bila ndoa. Amri ilisema hao wahesabiwe sawa na wake wa nyumba na wabaki palepale walipo, isipokuwa yule atakayedai kuachana kwa sababu ya ukatili, na ukatili huo mahakama iridhike kwamba umethibitika. Asiyekuwa na mtoto angeweza kukombolewa kwa idhini ya mahakama. Maofisa wa Kiingereza waliokuwa nyuma ya amri hiyo walikuwa na hoja yao: wakiwafungulia masuria wote, nyumba za matajiri wa Kiarabu zitavurugika na wanawake wenyewe wataishia kuuza miili yao mitaani. Mwanamke hajafanya lolote bado, ameshahukumiwa kwa tabia atakayokuwa nayo kesho!

Hebu mfikirie. Ukatili umefanyika ndani, mashahidi ni watu wa nyumba ileile, wanaokula kwa bwana yuleyule. Akiondoka bila kupita mahakamani, ni mtoro. Mwaka 1909 ikaja amri nyingine iliyowafungulia mlango hata masuria, lakini aliyeondoka bila ridhaa ya bwana wake alipoteza haki ya kukaa na watoto wake. Uhuru upo, bei yake ni wanao. Huku kwetu bara mambo yalichelewa zaidi: Wajerumani waliubana utumwa kidogo kidogo bila kuufuta, na Tanganyika ilisubiri mpaka Waingereza walipoupiga marufuku mwaka 1922.

Sasa nimefikaje Marekani kutokea kwa masuria? Nimefika kwa kupitia Msata.

Msata mnaijua, hata kama mmeipita mmelala. Ni ile njia panda ya barabara ya Chalinze kwenda Segera, pale barabara ya Bagamoyo inapoingilia. Nina bibi yangu huko. Likizo moja jirani yake, mama mtu mzima, alinisubiri nimalize kuwaamkia watu, akanivuta pembeni. Binti yake ameolewa na raia wa Marekani. Kipigo ni cha kila siku. Siku moja binti naye akarusha sufuria, ikampata mume begani. Jirani akapiga simu, polisi wakaja, wakawafunga pingu wote wawili. Akaambiwa akikiri kosa atarudi nyumbani kesho yake. Akakiri. Tangu hapo mume ana wimbo mmoja: ukinisema nafuta maombi yako ya karatasi, na kwa ile kesi yako watakurudisha kwenu.

“Baba, wewe umesoma,” mama akaniambia. “Ni kweli anayoyasema huyo bwana?”

Nikamwambia, “Mama, nipe siku mbili tatu.” Zikawa wiki tatu. Jibu ni kwamba amesema kweli nusu, na hiyo nusu ya pili ina historia yake.

Kwa miongo mingi sheria ya Marekani ilimpa mume funguo zote. Yeye ndiye aliyemwombea mke, na yeye angeweza kuyaondoa maombi kabla hayajapita. Mwaka 1986 Bunge lao, likiwa na hofu ya ndoa za mchongo, likakaza zaidi: ndoa ikiwa bado changa, mke anapewa ukaazi wa miaka miwili wa masharti, na kuyaondoa masharti hayo lazima wawili hao waombe kwa pamoja. Pata picha, unamwomba sahihi mtu aliyekuvunja jino. Mwaka 1990 wakaruhusu mke aliyepigwa aombe bila sahihi ya mume, lakini hiyo iliwafaa waliokwisha kupata ule ukaazi wa masharti. Ambaye mume hakuwahi hata kumwombea alibaki gizani.

Mlango mkubwa ulifunguliwa Septemba 1994, Rais Bill Clinton alipotia saini Sheria ya Ukatili Dhidi ya Wanawake, ambayo mawakili huiita VAWA. Jina linadanganya kidogo, kwa sababu hata mume anayepigwa na mke anaruhusiwa kuitumia. Kwa sheria hiyo, mwenzi wa raia au wa mkaazi wa kudumu anaweza kujiombea mwenyewe, na mpigaji asijue. Mwaka 1996 ikaongezwa kwamba maofisa wa serikali hawaruhusiwi kumvujishia mpigaji siri ya maombi hayo, wala kumkatalia mke kwa kutegemea maneno ya mpigaji peke yake. Ushahidi unaopokelewa ni wowote unaoaminika: barua ya daktari, picha, meseji, kiapo cha shoga yake au cha mama mzazi aliyekuwa akisikia kilio kwenye simu. Suria wa 1897 angetamani hilo.

Lakini kuna sharti lililokaa katikati kama mfupa wa samaki: mwombaji awe mtu wa tabia njema. Na mwenye kesi?

Hapa ndipo historia inapokuwa chungu. Kuanzia miaka ya 1980 majimbo mengi ya Marekani yalianza kuwahimiza polisi, na mengine yakawalazimisha, kukamata mtu wanapoitwa kwenye ugomvi wa nyumbani, badala ya kuwaambia wanandoa “yamalizeni wenyewe.” Nia ilikuwa nzuri kabisa. Ila polisi anapoingia sebuleni anamkuta mume ametulia, Kiingereza kinateremka kama maji, na ana mchubuko begani. Mke analia kwa lugha ambayo polisi haijui. Matokeo yake ni pingu jozi mbili. Halafu mwaka huohuo wa 1996 ikapitishwa sheria nyingine ya uhamiaji, kali kwelikweli, ikaliingiza kosa la ukatili wa nyumbani katika orodha ya makosa ya kumfukuzisha mgeni nchini, hata awe na kadi ya kijani. Iliwalenga wapigaji, ikawanasa na waliopigwa. Sheria hiyohiyo ikapanua maana ya kutiwa hatiani: ukikiri, na hakimu akakupa adhabu yoyote au kukuwekea sharti lolote, kwa uhamiaji wewe umehukumiwa, hata kama jimbo baadaye litalifuta kosa hilo kwenye vitabu vyake. Kwa hiyo ule ushauri wa “kiri uende nyumbani” ulikuwa mtego, na aliyeutoa huenda hata hakujua.

Miaka minne ikapita hivyo. Oktoba 2000 Bunge likairudia VAWA na kukiri, kwa lugha ya kisheria, kwamba kosa la mke mara nyingine ni kazi ya mikono ya mume. Mgeni aliyetiwa hatiani kwa ukatili wa nyumbani anaweza kusamehewa kufukuzwa kama siye aliyekuwa mpigaji mkuu katika ndoa ile, na kama alikuwa akijitetea, au alivunja amri ya mahakama iliyowekwa kumlinda yeye mwenyewe, au kosa lake halikusababisha jeraha kubwa na lina uhusiano na mateso aliyokuwa akipata. Ile sufuria inaingia humo. Na kwenye tabia njema wakalegeza vilevile: kosa ambalo sheria inaruhusu lisamehewe halimzuii mwombaji ikiwa limefungamana na ukatili aliofanyiwa. Wizi wa dukani kwa sababu mume amezuia pesa ya maziwa ya mtoto, hundi aliyolazimishwa kuisaini, na mengine ya namna hiyo. Aliyepewa talaka pia akakumbukwa, akawekewa miaka miwili ya kuomba tangu talaka, mradi ionyeshwe kwamba inahusiana na ukatili.

Msidhani kila kosa linapita. Mauaji hayana mjadala kwenye tabia njema, na dawa za kulevya ni balaa jingine. Kwa wenye rekodi nzito zaidi iliundwa, mwaka huohuo wa 2000, viza ya U, kwa ajili ya waathirika wa uhalifu wanaoisaidia polisi au mwendesha mashtaka. Mume si lazima awe raia, na hata ndoa si lazima iwepo. Msamaha wake ni mpana kuliko wa VAWA, unaweza kugusa karibu kila kosa, ila uko mikononi mwa ofisa. Sasa tazama mwendo wa serikali: sheria ya 2000, kanuni za kuitekeleza zikatoka Septemba 2007. Na viza zenyewe ni 10,000 tu kwa mwaka kwa waathirika wenyewe, kwa hiyo foleni ni ya miaka na miaka.

Machi 2010 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Jose Padilla, dereva wa lori mzaliwa wa Honduras aliyetumikia jeshi la Marekani wakati wa vita ya Vietnam, iliamua kwamba wakili wa jinai lazima amweleze mteja mgeni kama kukiri kosa kunaweza kumfukuzisha nchini. Kabla ya hapo wengi walinyamaza tu.

Mama wa Msata nilimjibu mambo matatu. Kwanza, mume hana uwezo wa kuyafuta maombi ambayo binti amejiombea mwenyewe. Pili, binti asitume fomu yoyote kabla wakili wa uhamiaji hajasoma hukumu yenyewe na hati ya mashtaka, maana ombi likikataliwa linaweza kumfikisha mbele ya jaji wa uhamiaji, na asitoke nje ya nchi hiyo kwa sasa. Tatu, zile meseji za usiku alizomtumia mama yake zisifutwe.

Halafu nikawa na udadisi wangu wa kwetu. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Safi. Lakini mke mgeni, Mkongo au Mrundi aliyemfuata mume mwenye kibali cha kazi hapa Dar, anaishi kwa pasi ya mtegemezi, na pasi hiyo imesimama juu ya kibali cha mume. Nikaifungua Sheria yetu ya Uhamiaji ya 1995. Nilimkuta mhamiaji aliyepigwa marufuku, na humo wanaweza kuingizwa waliowahi kufungwa jela. Mke aliyepigwa na anayetaka kubaki bila mume sikumkuta. Suria wa Zanzibar alikuwa na mstari wake mmoja.