Maji matamu katika hoteli za visiwa vya Maldivi

Maji matamu katika hoteli za visiwa vya Maldivi hupatikana hasa kwa kuondoa chumvi katika maji ya bahari. Maldivi ni nchi ya visiwa takriban 1,200 vya matumbawe katika Bahari Hindi. Haina mito, na ardhi yake imeinuka mita chache tu juu ya usawa wa bahari. Hoteli ya kwanza ya kitalii ilifunguliwa mwaka 1972. Kwa kawaida kila hoteli ina kisiwa chake, mbali na mabomba ya mji, hivyo hulazimika kuwa na mitambo yake ya maji na umeme.

Sababu za uhaba

Mvua inayonyesha kisiwani hupenya mchangani na kukusanyika chini ya ardhi. Kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko maji ya bahari, huelea juu yake yakiwa na umbo la lenzi. Kwa karne nyingi wakazi waliteka maji hayo visimani. Lakini lenzi hiyo ni nyembamba: kinadharia, maji ya kisima yakishuka sentimita 1, maji ya chumvi huweza kupanda sentimita 40 kutoka chini. Kisima kinachotosha kijiji kidogo huharibika upesi kikivutwa kwa pampu ili kuhudumia mabafu, dobi na mabwawa ya kuogelea. Visima vya visiwa vingi viliingiliwa na chumvi pia wakati wa tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004.

Namna mtambo unavyofanya kazi

Njia inayotumika zaidi ni osmosisi ya kinyume. Utando wake wa kwanza uliofaa kwa maji ya bahari ulibuniwa na Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, karibu na mwaka 1960. Hatua zake ni hizi:

1. Maji huvutwa baharini au katika kisima kilichochimbwa ufukweni, ambako mchanga huyachuja kwanza.
2. Machujio huondoa takataka ndogo zinazoweza kuziba utando.
3. Pampu husukuma maji kwenye utando kwa shinikizo la bar 55 hadi 70. Maji hupita, na karibu chumvi yote hubaki.
4. Maji yaliyopita huongezewa madini, kwa sababu bila hayo hula mabomba ya chuma, kisha hutiwa klorini na kuhifadhiwa matangini.

Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Yakishasafishwa hubaki chini ya nusu gramu. Katika kila lita 100 zinazoingia, 35 hadi 45 hivi hutoka zikiwa matamu.

Gharama ya nishati

Mtambo wenye kifaa cha kurudisha nguvu ya shinikizo hutumia takriban kilowati-saa 3 hadi 4 kwa lita 1,000 za maji. Umeme huo ukitoka kwenye jenereta, ni sawa na lita moja hivi ya dizeli. Mitambo midogo isiyo na kifaa hicho hutumia zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo hoteli inayokosa mafuta hukosa maji pia. Baadhi ya hoteli zimefunga paneli za sola ili kupunguza dizeli.

Athari na tahadhari

Maji yanayobaki huwa na chumvi karibu maradufu na hurudishwa baharini. Yakimwagwa penye maji yaliyotulia huweza kudhuru matumbawe, ambayo ndiyo yanayowavutia wageni na kukinga ufuko dhidi ya mawimbi. Kwa sababu hiyo bomba lake hupelekwa penye mkondo wenye nguvu.

Hatari ya kutegemea mtambo mmoja ilionekana katika mji mkuu Malé, Desemba 2014. Moto katika kituo cha kuondoa chumvi uliwaacha watu zaidi ya 100,000 bila maji ya bomba, na Uhindi ilileta maji kwa ndege na meli. Kinga ya kawaida ni kuwa na mitambo miwili, matangi ya akiba na vipuri.

Njia nyingine

Hoteli nyingi hutumia maji machafu yaliyosafishwa kumwagilia bustani, na baadhi huvuna mvua. Katika kisiwa cha Chumbe, karibu na Unguja, nyumba za wageni hutegemea mvua inayokusanywa mapaani na kuhifadhiwa katika matangi chini ya sakafu. Njia hiyo haihitaji dizeli, lakini hufaa wageni wachache wanaotumia maji kwa uangalifu.