Faili Liko Dar

Nilitumikia masijala hapa Dodoma hadi nikastaafu, na naona historia ya makao makuu ya nchi ingefuatwa vizuri zaidi kwa nyendo za mafaili kuliko kwa hotuba.

Mwaka 1973 chama tawala, TANU, kiliamua Serikali ihamie huku Ugogoni, katikati ya nchi. Kazi ilipangwa kuchukua miaka kumi, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu (CDA) ikaundwa kupima viwanja na kujenga mji. Kisha bei ya mafuta ikapanda, vita vya Kagera vikaja 1978, hazina ikakauka, na kazi ikakwama. Sababu hizo ni za kweli, ila hazitoshi: fikra nazo zilibaki Dar.

Hata Bunge lilipoanza kukaa Dodoma miaka ya 1990, mawaziri walikuja na mikoba, wakajibu maswali, wakarudi. Mtumishi akihamishiwa huku, wenzake walimpa pole. Vumbi, walisema, na ukame. (Zabibu zetu walizila bila malalamiko.) Ukiulizia jambo zito, jibu lilikuwa lilelile: faili liko Dar.

Tarehe 25 Julai 2016, Siku ya Mashujaa, Rais Magufuli alitangaza hapahapa kwamba Serikali inahamia. Waziri Mkuu Majaliwa alitangulia Septemba. CDA ikavunjwa 2017, sheria ya makao makuu ikapitishwa 2018, ofisi za wizara zikajengwa Mtumba, hapahapa Dodoma.

Wengi husema amri ndiyo iliyomaliza kazi. Kwangu ni nusu tu. Amri ilileta maofisa na makabati; wengi wao waliacha familia Dar na kuvizia Ijumaa. Fikra zao ziligeuka walipohamishia watoto shule za huku na kuanza kugombea bei ya tofali.